Mkanda wa Sita

Kitu cha kwanza alichokiona Koplo Akelo kilikuwa kutu.

Makopo ya filamu yalikaa kwenye rafu ya mbao, moja kando ya jingine, kila moja pana kama sinia. Akelo aliinua la kwanza. Chini yake ubao ulikuwa na duara jekundu la kutu, limeingia ndani ya mbao kama limechomwa. Akalirudisha, akainua la pili. Palikuwa na duara jingine. Aliinua yote matano, na kila moja lilikuwa na duara lake. Kisha akamulika kwa tochi ya simu mahali lilipotakiwa kuwepo la sita. Palikuwa na vumbi tu.

"Ni hapa lilipokuwa?" aliuliza.

"Hapo hapo, afande," alisema Taher. "Mwisho wa mstari."

Taher aliuza mabomba na matangi ya maji katika jengo hilo la Nyamagana. Zamani lilikuwa sinema ya babu yake, Akbarali. Viti vilishaondolewa miaka mingi, na ukumbi ulijaa matangi meusi yaliyopangwa mpaka kwenye dari. Kilichosalia ni chumba hiki kidogo cha juu, kinachopandwa kwa ngazi ya chuma, ambamo mashine za kuonyeshea filamu zilikaa zikitazama ukumbi kupitia vidirisha viwili.

Katika filamu zote zilizopita hapo, ilibaki moja. Ilikuwa ya zamani sana, tangu enzi ambazo filamu hazikuwa na sauti. Jina lake halisi watu wa Mwanza hawakulitumia. Waliiita Rozi wa Machimboni. Ilikuwa hadithi ya mapenzi katika mji wa wachimba dhahabu huko ng'ambo, mji wa nyumba za mbao, farasi na theluji. Rozi, binti wa mwenye mgodi, anampenda mchimbaji asiye na kitu. Mtaalamu wa kuhifadhi filamu za kale alikuwa njiani kutoka nje ya nchi kuja kuinakili, kwa sababu nakala nyingine ilikuwa haijulikani ilipo. Ndiyo maana Ijumaa Taher alipanda kuhakiki makopo. Vifuniko viliandikwa kwa rangi nyeupe, moja ya sita, mbili ya sita, hivyo hivyo mpaka tano ya sita. Hapo mstari ukakatika.

Funguo za chumba zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa wa Taher. Mwingine ulikuwa wa mzee Shimba, fundi wa mashine tangu enzi za Akbarali. Mpaka leo alipanda kila wiki kuifungua mikanda ipate hewa. Jana jioni Taher alimshtaki polisi, na Shimba akakamatwa. Kesho asubuhi alitakiwa kufikishwa mahakamani. Hakuwa na mdhamini. Kesi ikiahirishwa tu, mzee yule wa zaidi ya miaka sabini angepandishwa gari la kwenda gereza la Butimba.

"Kopo la sita uliliona lini mara ya mwisho?" aliuliza Akelo.

"Lilikuwa hapa siku zote."

"Uliliona lini?"

Taher alieleza kwamba vumbi la humu linambana kifua, ndiyo maana hapandi ovyo. Alipopanda aliona makopo mengi, nani angesimama kuyahesabu? Akaongeza kwamba labda la sita lilikaa juu ya jingine.

Akelo alimulika vifuniko, kimoja baada ya kingine. Rangi nyeupe ilikuwa nzima. Hapakuwa na duara juu ya kifuniko chochote.

"Halikuibwa juzi," alisema. "Halijawahi kukaa kwenye rafu hii."

"Afande, wewe umekuja kumtetea?"

"Nimekuja kuangalia rafu."

Taher alishuka naye ngazi akisema maneno mengi. La maana lilikuwa moja. Alisikia kwamba filamu za kale zina madini ya fedha ndani, kama zilivyo picha za eksirei, na kwamba wapo masonara wanaozinunua kuzikamua. Shimba atakuwa amempelekea sonara. Kama ni hivyo, mkanda umeshaoshwa kwenye dawa, na hakuna cha kutafuta.

*

Kituoni, Inspekta Mhoja alimsikiliza huku akimenya yai la kuchemsha. Alikuwa Msukuma wa Misungwi, mtu mkubwa asiyependa kuinuka akishakaa. Akelo alimweleza habari ya kutu. Mhoja alitia chumvi kwenye yai, akala nusu.

"Nimekubali," alisema. "Haukuibwa juzi. Basi uliibwa zamani. Mwizi wa zamani naye ni mwizi, Akelo. Kutu yako imesema lini. Haijasema nani."

"Nipe mpaka jioni, afande."

"Niletee mkanda. Ukiniletea maneno, kesho mzee anapanda gari."

Akelo alikwenda mahabusu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wenzake walimtania kwamba washtakiwa huungama mbele yake kwa kuogopa ukimya. Shimba alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu mitupu. Walikuwa wamemvua mkanda wa suruali kama kawaida, naye alishika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja hata alipokaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umetoka kule juu?"

Akelo alimwambia ametoka. Alimwambia na habari ya rafu, na kwamba yeye anaamini kopo la sita halikuwahi kukaa pale. Shimba aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayeambiwa mvua imenyesha kwao. Alipoulizwa liko wapi, alijibu kama alivyojibu jana: hakuiba, na zaidi ya hapo hana la kusema. Akelo akangoja. Shimba naye akangoja, na ilionekana mzee huyo ukimya aliuzoea kuliko yeye.

Mwishowe ni Shimba aliyeuliza.

"Mama ameambiwa niko hapa?"

Mama alikuwa Zahabia, binti wa Akbarali na shangazi yake Taher. Jengo lilikuwa mali yake. Akelo alijibu kwamba hajaambiwa. Wiki hii ametolewa mtoto wa jicho, na Taher amekataza habari yoyote mbaya isimfikie, maana daktari hataki jicho lile lilie.

"Vizuri," alisema Shimba. "Asiambiwe. Hata ikiwa kesho, asiambiwe."

"Kesho utapelekwa mahakamani, mzee."

"Nimeshaelewa. Nenda kafanye kazi yako, binti. Mimi nimekula, sijapigwa, sina neno."

*

Minaz alikuwa sonara wa tatu ambaye Akelo alimuuliza, na ndiye pekee aliyecheka. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kukuzia iliyoning'inia kifuani. Alisema miaka ya nyuma kweli alinunua eksirei, siku hizi hapana. Filamu hajanunua hata siku moja.

"Mwambie Taher fedha ya kwenye mkanda mmoja haitoshi hata kipini cha pua," alisema. "Na Shimba hapiti mtaa huu. Angepita kufanya nini? Yule mzee hana hata pete."

Akelo alishukuru, akawa anatoka. Nyuma ya duka kijana anayeng'arisha vito alikuwa akijisemea kwa sauti ya kubana pua: Rozi, shuka kwenye farasi, nyumba hii ni yako. Akelo akarudi.

Minaz alisema kijana wake hana akili nyingine tangu aanze kwenda kwa Kevin, Nyakato, kutazama sinema za kutafsiriwa. Huko ndiko walikokuwa wakionyesha hiyo Rozi yenu.

*

Kibanda umiza cha Kevin kilikuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kilijengwa kwa mabati, na mlango wake ulikuwa turubai. Ndani kulikuwa na mabenchi, runinga moja kubwa na joto kama la tanuri ya mkate. Jumapili mchana kilijaa watu wa kiwandani na vijana walioshuka mjini kutoka machimbo ya Misungwi na Geita. Kevin alikaa kwenye kigoda kando ya runinga, maiki mkononi, kofia kichwani. Kazi yake ilikuwa kutafsiri sinema zikiendelea. Kwa kuwa Rozi haina sauti, alikuwa hatafsiri chochote. Alikuwa anatunga.

Akelo alikaa benchi la nyuma. Picha ilitikisika, maana ilirekodiwa kwa simu kutoka ukutani. Rozi alipita barabara ya matope na mwavuli wake. Mchimbaji alivua kofia. Walitazamana muda mrefu, macho makubwa yaliyopakwa wanja, wala midomo haikufunguka.

"Anasema," alisema Kevin kwenye maiki, "dada, mimi sina ng'ombe hata mmoja. Ila nina mikono."

"Hayo ndiyo unayomwambia mama Neema kila siku," alisema mtu benchi la mbele, na kibanda kizima kikacheka.

Theluji ilipoanza kuanguka, mwingine akauliza kwa nini kule kwao kunanyesha pamba. Kevin akasema hiyo siyo pamba, ni barafu. Mtu akamjibu kwamba yeye amelima pamba Kwimba maisha yake yote, asifundishwe pamba na Mjaluo. Kevin akakubali kwenye maiki kwamba ni pamba.

Mwishoni mchimbaji alichukua taa yake alfajiri, akaenda shimoni. Rozi alisimama dirishani akimtazama. Hapo picha ikawa nyeusi. Kevin hakusita. Alisema jioni yule bwana akarudi na dhahabu mfuko mzima, mzee akakubali, wakafunga ndoa, ng'ombe wakachinjwa. Watu wakapiga makofi, wakatoka.

Akelo alimfuata Kevin nje, akamwonyesha kitambulisho. Alipojua ni Akelo wa Shirati, na yeye akiwa wa Musoma, alimsalimia kwa Kijaluo na kumpa kigoda.

"Ile harusi uliiona wapi?"

"Dada yangu, harusi ile nimeifunga mimi mwenyewe," alisema Kevin. "Nimekuwa padri."

Akaeleza. Mwezi wa nne alimwomba mzee Shimba amwonyeshe filamu ile, arekodi kwa simu. Mzee alikubali, akaionyesha ukutani kule juu, mikanda mitano, na kila walipofika mahali pazuri alikohoa kidogo ili Kevin aangalie vizuri. Kevin alipouliza wa sita, mzee alisema ule ni wa shimo. Shimo linatitia, na mchimbaji yumo ndani. Rozi anafukua kwa mikono yake. Ule hauonyeshwi.

"Kwa nini?"

Kevin alitazama nyuma, akateremsha sauti. Alisema yeye mwenyewe hakujua mpaka alipokosea. Siku moja, kwa mzaha tu, katika sinema nyingine kabisa, alitamka kwenye maiki kwamba shimo linatitia. Nusu ya mabenchi yaliinuka. Watu walitoka bila kudai chochote. Mmoja aliyekuwa arudi machimboni kesho yake aliahirisha safari, akamtuma mkewe aje kumtukana, na yule mama alimtukana mpaka adhuhuri. Baadaye mchimbaji mmoja wa zamani akamkalisha chini na kumweleza.

Akelo alitoa kalamu. "Nieleze kama alivyokueleza."

"Picha ya shimo kutitia ni mkosi. Mchimbaji haitazami, wala mtu wa ukoo wa wachimbaji haiweki kwake. Lakini huitupi, na huichomi. Ukiichoma umeliamsha shimo. Inapewa mwanamke akae nayo, kwa sababu yeye hashuki chini. Ila asiwe wa kwako. Asiwe mama, mke wala dada. Anatakiwa mwanamke ambaye hana mwanaume wake yeyote shimoni. Kwake mkosi unakaa kimya, hauna wa kumfuata."

"Na mzee Shimba ni wa wachimbaji?"

"Baba yake, kaka zake, wote. Yeye peke yake ndiye aliyekimbilia mjini. Hata marehemu mkewe alikuwa binti wa machimbo."

Akelo aliandika, kisha akaacha kuandika. Wanawake wa upande wa Shimba walikuwa wameondolewa wote na desturi yenyewe. Lakini mtu aliyefanya kazi kutwa katika sinema, wakati ule akiwa kijana mgeni mjini, angemjua mwanamke gani asiye na mchimbaji nyumbani? Wale wa nyumba ya tajiri wake. Na katika siku mbili za mahabusu, Shimba alikuwa ameulizia mtu mmoja tu.

"Yule Rozi," alisema akiinuka, "anampata huyo mchimbaji?"

"Mzee hakuniambia," alisema Kevin. "Na nilimuuliza sana."

*

Zahabia aliishi mtaa wa nyuma ya sinema, ghorofa ya kwanza. Taher alikuja na Akelo kwa shingo upande, na kwenye ngazi alimkumbusha mara mbili habari ya jicho. Walimkuta shangazi yake sebuleni, amevaa rida, vazi la wanawake wa Kibohora, ya rangi ya zambarau, na miwani myeusi, chini yake bandeji nyeupe. Alikuwa mwembamba, amekaa wima. Alimuuliza Akelo kwao ni wapi, na aliposikia Shirati alisema marehemu baba yake aliuza tiketi kwa watu wengi wa Shirati, walikuwa hawaachi kuongea wakati wa sinema. Aliagiza chai ije.

Akelo hakuingoja chai.

"Mama, mzee Shimba yuko mahabusu tangu jana."

Taher alivuta pumzi kwa hasira. Zahabia hakusogea.

"Kwa kosa gani?"

"Mkanda wa sita."

Jicho lililokuwa wazi, nyuma ya kioo cheusi, halikuonekana lilikotazama. Kisha akashika mkono wa kiti, akainuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani. Akelo alisikia mlango wa kabati ukifunguliwa. Zahabia alirudi na kitu cha mviringo kilichofungwa kwenye kitambaa cha kichwani, cha kisichana, maua madogo ya bluu. Alikiweka mezani na kukifungua. Kopo lilinukia karafuu. Halikuwa na kutu. Kwenye kifuniko, kwa rangi ileile nyeupe: sita ya sita.

"Shangazi," alisema Taher, sauti yake imeshuka. "Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

"Lakini umejua tunautafuta. Ijumaa nilikuuliza."

"Uliniuliza kama makopo yapo. Nikasema yapo. Ni kweli yapo." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kopo. "Sikujua kwamba utamwita polisi kwa Shimba. Shimba alikubeba mabegani ukiwa mtoto, Taher. Ulikuwa ukimkojolea."

Taher alitazama sakafu. Kisha akaanza kufikiri kwa sauti, haraka, kama anayepanga mzigo. Jambo si gumu. Watalichukua kopo sasa hivi, watasema limeonekana nyuma ya matangi, yeye atafuta malalamiko, na mzee atalala kwake leo. Hakuna haja ya mtu kujua kwamba kitu alichotoa mfanyakazi kilikaa chumbani kwa mwanamke wa nyumba hii tangu ujana wake. Watu wa jamii yao watasema. Alimgeukia Akelo kuuliza kama kisheria inawezekana.

"Kumtoa kutamtoa," alisema Akelo.

"Umeona, shangazi?"

"Na watu wa mtaani watasema nini?" aliuliza Zahabia. "Watasema aliogopa, akaurudisha usiku. Akienda kununua mkate watafunga droo." Akamgeukia Akelo. "Wamemuuliza uko wapi?"

"Tangu jana."

"Na yeye anasema nini?"

"Hasemi, Mama."

"Ndiyo. Hasemi." Alianza kulifunga kopo upya kwenye kitambaa, vidole vikitafuta ncha. "Taher, niletee viatu."

Kwenye ngazi, akiwa amemshika Akelo bega, alisimama kupumzika. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeendeleza mazungumzo mengine, kwamba hakuwahi kuuona ule mkanda ukutani. Lakini aliwahi kuutoa wote dirishani, kipande kwa kipande, akautazama kwenye jua.

"Anatoka," alisema. "Yule mchimbaji. Rozi anamtoa akiwa hai."

*

Mhoja aliinuka kwenye kiti, jambo ambalo Akelo hakuwa amelishuhudia siku nyingi. Alimpa Zahabia kiti hicho. Kopo liliwekwa juu ya meza, likafunguliwa, likafungwa. Shimba aliletwa kutoka mahabusu, ameshika suruali yake kwa mkono. Alipomwona aliyekaa, aliganda mlangoni.

"Jicho lako, Mama," alisema.

"Jicho langu ni zima. Kaa chini, Shimba."

Hakukaa. Mhoja alimwambia Akelo aandike maelezo, na Akelo akakaa pembeni na karatasi. Mhoja akauliza kwa upole mkanda ulifikaje kwa Mama. Kabla Zahabia hajajibu, Shimba alikuwa ameanza kusema. Alisema mengi kuliko siku mbili zote, na yote akiitazama meza.

"Nilimpa mimi, afande. Kwa desturi ya kwetu machimboni, na hakuna kingine. Picha ya shimo haikai kwa mtu wa machimbo. Yeye alikuwa binti wa tajiri, hana mwanaume shimoni. Nilimpa kama ninavyompa mtu kitu cha kutunza. Marehemu baba yake alijua na alikubali. Mtu asiseme lingine."

"Desturi hiyo naijua," alisema Mhoja. "Mjomba wangu alikuwa nayo. Sasa mzee, ungesema hivyo jana, si ungelala kwako?"

"Ningesema uko kwa Mama? Kwa askari, mbele za watu?" Shimba alitikisa kichwa. "Hapana."

"Na kwa nini hukurudi kuuchukua? Sinema ilifungwa, wachimbaji waliokuwa wakija kutazama hawaji tena."

"Haurudiwi. Kitu kama kile ukishakitoa, hukiulizi tena. Ukikiulizia umeliita shimo. Hata njia ya kwenda kwa anayekitunza, ukiweza, unaibadilisha."

Zahabia alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti ile.

"Hukiulizi kabisa?"

"Hukiulizi, Mama."

"Hata miaka ikipita?"

"Hata ikipita. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Mimi sikufundishwa," alisema Zahabia. "Mimi sikujua."

Nje askari mmoja alicheka na kitu kwenye simu. Taher alijisogeza mbele, akasema anafuta malalamiko yake, amekosea, na kwamba atamwomba mzee radhi mbele ya watu wote wa dukani kesho. Shimba alimjibu kwamba yameisha. Mhoja akafunga jalada, akamwagiza askari alete viatu na mkanda wa suruali wa mzee. Taher akamshika shangazi yake mkono ili wainuke.

Zahabia hakuinuka.

"Yule binti bado anaandika?"

"Ninaandika, Mama," alisema Akelo.

"Shangazi, imeisha. Twende nyumbani, jicho lipumzike."

"Haijaisha. Ameandika alichosema Shimba, na alichosema Shimba siyo." Aliweka viganja vyote viwili juu ya kopo. "Andika, binti. Anasema alinipa. Hakuwa na mpango wa kunipa mimi. Alikuwa anampelekea mke wa mpishi wetu. Nilimkuta kwenye ngazi ya chuma, nikamuuliza amebeba nini, akaniambia habari ya mwanamke na mkosi, na mimi nikanyoosha mikono nikasema nipe. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nikauvulia kitambaa changu cha kichwani."

"Mama," alisema Shimba.

"Ulisema desturi. Nikasema sawa, desturi. Halafu nikakaa dirishani. Nilikuwa nikisikia mtu anapanda ngazi, natengeneza na maneno ya kukujibu, utakapouliza." Alivua miwani, akakitazama kile kivuli kirefu kilichosimama karibu na mlango kwa jicho lake moja. "Sikuwa na haja na mkanda, Shimba. Nilitaka uwe na sababu ya kurudi kwangu."